Buti Litakauka Wapi?

Kila masika yanapokaribia, anayetaka kununua buti la kutembelea huuliza swali lilelile: ninunue la ngozi au la kitambaa? Wauzaji wana majibu tayari. Mwenye la ngozi atakwambia linadumu, mwenye la kitambaa atakwambia ni jepesi na la kisasa, na wote wawili wanasema kweli. Ila kwa mkazi wa Ruhuwiko, hapa Songea, naona kuna maswali mawili yanayotakiwa kutangulia. Buti likilowa, litakauka wapi? Na soli ikiachia, nani ataitengeneza? Ukishayajibu hayo kwa kuangalia hali halisi ya nyumbani kwako, suala la ngozi au kitambaa linakuwa jepesi.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, nao ni mrefu. Unaanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine unagusa Mei. Kwa miezi hiyo yote udongo mwekundu unanata, nyasi za pembeni mwa njia zinafika kifuani, na nguo zinazoanikwa asubuhi zinaanuliwa jioni bado mbichi. Juni na Julai ni baridi kavu, maana mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kisha linakuja vumbi la Septemba na Oktoba, pamoja na moto wa nyika unaoacha vijiti vimechongoka ardhini. Buti moja linatakiwa lipite humo mote, miguuni mwa bwana shamba anayezungukia wakulima, mpima ardhi, mwalimu anayekaa mbali na lami, askari wa wanyamapori wa kijiji kule Namtumbo, au vijana wanaopanda Matogoro siku ya mapumziko kwenda kuona mto Ruvuma unakoanzia. Ninaandika kwa ajili ya hao. Anayetoka nyumbani kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda, raba inamtosha.

Tuanze na ngozi yenyewe, kwa sababu jina hilo hutumika kuuzia watu vitu vingi visivyofanana. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoota manyoya, lina nyuzi zilizosukana kwa karibu sana, na ndilo lenye nguvu na ndilo linalozuia maji. Tabaka la chini ni legevu. Viwanda vingi hulipaka plastiki, vikaligonga chapa inayofanana na vinyweleo, likang'aa kuliko ngozi nzuri. Buti la namna hiyo ukilivaa kwa miezi michache hupasuka pale vidole vinapokunjia, na likishapasuka hapo hakuna fundi wa kulirudisha. Kabla ya kulipa, likunje kwa mkono. Ngozi ya juu hufanya mikunjo midogo isiyolingana na rangi yake hubadilika kidogo inapovutwa. Plastiki hufanya mstari mmoja mkavu. Tazama pia ukingo wa ulimi wa buti, mahali ambapo ngozi imekatwa bila kukunjwa. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzi zake hapo, na ya bandia huonyesha kitambaa kilichobandikwa chini.

Inaniuma kila ninapoliwaza hili, kwa sababu nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Jirani zetu wa Njombe wana mashamba ya miwati, na kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, imekuwa ikikamua kwenye magome yake dawa ya kusindikia ngozi nzito. Malighafi tunayo na dawa tunayo, lakini mguuni tunavaa mitumba. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikukaribia hata kidogo lengo hilo. Jengo lenyewe lilikuwa la kuta za alumini zisizopitisha hewa, kwenye joto la Morogoro, na mwaka 1990 kikafungwa. Leo matumaini yapo Moshi, kwenye kiwanda cha Karanga, ambako Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF wameungana kutengeneza viatu na bidhaa nyingine za ngozi. Ukipata buti jipya la ngozi lililotengenezwa nchini na likakukaa vizuri, lipe nafasi. Angalia tu lisiwe lile la kazi za kiwandani lenye chuma mbele ya vidole. Chuma hicho ni kinga kwa mchimbaji wa makaa ya mawe kule Ngaka. Kwa mtu anayeshuka mlima saa mbili mfululizo ni adhabu ya kucha.

Kuhusu uzito, kitambaa kinashinda bila ubishi. Jozi ya ngozi nene hufika kilo moja na nusu au zaidi, wakati jozi ya kitambaa huzunguka kilo moja. Tofauti hiyo mkononi huioni. Mguuni unainyanyua kila hatua, na vipimo vilivyofanywa kwa askari vimeonyesha kuwa kilo moja iliyofungwa mguuni huchosha sawa na kilo tano hivi zilizobebwa mgongoni. Kwa hiyo anayekwenda mbali kwenye njia kavu, bila mzigo mkubwa, asione aibu kuchagua kitambaa eti kwa sababu ngozi ndiyo ya wanaume wa kazi.

Upande wa miiba, ngozi inarudisha ushindi wake. Kitambaa cha wavu hunasa mbigili na kuzipitisha hadi kwenye soksi. Vijiti vilivyoungua hukitoboa. Nyoka nao wafikiriwe, kwani mtu akiumwa porini mara nyingi huumwa chini ya goti, na kifutu hakimbii anaposikia hatua. Sitakudanganya kwamba buti la ngozi linakuhakikishia usalama, lakini ngozi nene inayopita kifundo cha mguu inapunguza hatari, na wavu wa nailoni haufikii hapo.

Sasa maji, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotea. Dukani utaoneshwa buti la kitambaa lenye kibandiko cha Gore-Tex au jina jingine linalofanana, na utaambiwa haliingizi maji. Ni kweli kwamba ndani yake kuna utando mwembamba sana. Bob Gore aliugundua mwaka 1969 kwa kuvuta ghafla plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke huo hutoka tu kama ndani ya buti kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kwenye milima ya Ulaya yenye baridi hali iko hivyo. Ruhuwiko mchana wa Januari, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka, hewa ya nje imejaa unyevu tayari, kwa hiyo jasho hubaki pale pale na mguu hulowa kutoka ndani.

Kuna baya zaidi. Mvua zetu haziji kwa kunyunyiza. Nyasi zenye maji hukulowesha suruali hadi kwenye paja, maji hayo huteremka kwenye soksi na kuingia kwa juu, mahali ambapo hakuna utando wa kuyazuia. Yakishaingia hayana pa kutokea, na buti lile lililouzwa kwa sifa ya kuzuia maji linageuka kuwa la kuyahifadhi. Utalianika siku mbili na ndani bado litakuwa na ubichi, na harufu itafuata. Wamarekani walilijifunza hili walipopigana Vietnam miaka ya 1960. Buti walilolitumia msituni lilikuwa na ngozi chini na turubai juu, na ubavuni karibu na soli kulikuwa na vitundu vyenye wavu vya kutolea maji. Hawakujaribu tena kuyazuia maji yasiingie. Walihakikisha yakiingia yanatoka, na buti linakauka upesi. Kwa masika ya Songea ninaona akili hiyo inatufaa kuliko utando, hasa kwa anayevuka vijito. Kitambaa kisicho na utando, chenye bitana nyembamba, ukikikamua jioni na kukining'iniza penye upepo, asubuhi utakivaa kikiwa na unyevu unaovumilika.

Ngozi iko katikati. Ikiwa ya tabaka la juu na imelishwa nta vizuri, itavumilia umande na nyasi mbichi kwa saa kadhaa kabla maji hayajapenya. Ikishapenya, huchukua siku mbili hadi tatu kukauka. Ndiyo maana niliuliza kuhusu pa kukaushia. Mwenye jozi moja tu, anayetoka kila siku asubuhi wakati wa masika, atakuwa anavaa ngozi mbichi leo, kesho na keshokutwa, na ngozi isiyopumzika huoza kwenye mshono. Mwenye jozi mbili za kubadilishana, au mwenye gambuti za kuendea shambani na buti la safari ndefu, huyo ngozi itamlipa kwa miaka. Na gambuti zisidharauliwe. Kwa tope la karibu na nyumbani hakuna buti linalozifikia; hazifai tu kwa kutembea mbali, kwa sababu mguu huogelea ndani yake na kuchubuka.

Wengi wetu hatununui mapya. Mabuti mazuri ya kutembelea yanayofika Songea ni mitumba kutoka Ulaya na Marekani, na huko kuna hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Kati ya soli ya chini na mguu kuna soli ya kati, sponji inayopokea kishindo. Kwenye mabuti mengi mazito sponji hiyo ni poliurethani, na poliurethani huliwa na unyevu wa hewa. Inaliwa hata buti likiwa halivaliwi, na tena kulivaa mara kwa mara huisaidia idumu. Baada ya miaka kama mitano hadi kumi tangu itengenezwe, hubomoka kama andazi la juzi. Sasa fikiria safari ya mtumba: mzungu alilinunua, akalivaa likizo moja, akaliweka kabatini miaka minane, akalitoa sadaka, likakaa ndani ya robota kwenye kontena, likavuka bahari kwenye joto. Linapofika mbele yako ngozi inang'aa, meno ya soli yapo yote, na muuzaji anaapa kuwa ni jipya. Siku ya tatu ya safari soli inabaki kwenye tope na wewe unasonga mbele na ngozi tupu.

Kwa hiyo chukua muda wako na jozi ya mtumba. Geuza buti ubavu, tafuta ule mkanda wa sponji ulio juu ya mpira wa chini, na uubonyeze kwa ncha ya kidole gumba kwa nguvu. Sponji nzima husukuma kidole nyuma. Iliyoharibika hubaki na shimo, au hutoa mlio wa kupasuka, au huacha unga kwenye kucha. Tazama kama kuna nyufa nyembamba zinazozunguka. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, likunje mara kumi hivi pale vidole vinapokunjia, na utazame kama mpira unaachia popote. Ingiza mkono ndani hadi mwisho, upapase kama bitana ya kisigino imetoboka, maana hapo ndipo malengelenge yanapoanzia. Ulimi uangalie upande wa ndani. Mabuti mengi yana kibandiko hapo chenye namba, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa umo. Muuzaji akikuharakisha, rudisha buti na upite. Mabuti ya kitambaa mara nyingi yana sponji ya aina nyingine, inayoitwa EVA, ambayo haibomoki hivyo. Yenyewe husinyaa. Ukiona mikunjo imejipanga kwenye sponji upande wa kisigino na buti linalala upande mmoja likiwekwa mezani, jua limeshamaliza kazi yake kwa mwenyewe wa kwanza.

Jambo jingine la mitumba linatuhusu zaidi sisi, kwa sababu Ruhuwiko tunaishi jirani na jeshi na tunalijua. Buti la mabaka, au lile la kijeshi kabisa, liache hata kama ni zuri na bei ni ya kutupa. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Kiatu cha kukusababishia maelezo marefu njiani hakina nafuu.

Swali la fundi nalo ni zito, na hapa ngozi inashinda kwa mbali. Keti pembeni mwa fundi viatu mmoja pale Bombambili umtazame anavyoshona soli. Anachora kwanza mfereji mwembamba kuzunguka mpira kwa kisu, ili uzi ulale ndani usisuguliwe na mawe. Anatoboa kwa sindano yenye ndoano, anaishusha hadi ndani ya kiatu ambako mkono wake mwingine unasubiri na uzi wa nailoni, anaunasa, anauvuta juu kama kitanzi, anapitisha ncha ya pili ndani yake na kukaza kwa pande zote mbili. Tundu kwa tundu hadi amezunguka. Kazi hiyo inahitaji kitu cha kushikwa, na ngozi inashikika. Ukimpa buti la kitambaa chepesi, sindano hukata nyuzi, na baada ya wiki kadhaa kitambaa huchanika kwa kufuata matundu. Kwa hiyo buti la ngozi la mtumba ambalo limegundishwa tu, lipeleke likashonwe kabla ya kulivaa safari ya kwanza. Gundi ya kiwandani imeshazeeka tayari. Kama unataka la kitambaa, tafuta lile lenye ngozi au mpira uliopanda kuzunguka vidole na kisigino, fundi apate pa kushika.

Soli ya chini iwe na meno marefu yaliyoachana. Mwitaliano Vitale Bramani, baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935, alitengeneza soli ya mpira yenye meno, akaipatia hataza mwaka 1937, na hadi leo soli za Vibram zinabeba jina lake. Meno yaliyobanana hujazwa na udongo wetu mwekundu kwa hatua chache, na ukishabeba tofali chini ya kila mguu, umbo la soli halina maana tena.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za mchana, na uvae soksi utakazotembea nazo. Soksi ziwe nene, za sufu au za mchanganyiko, zisiwe za pamba tupu kwa sababu pamba hushika jasho na kulainisha ngozi ya mguu hadi ichubuke. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse; kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Kisha funga, tafuta ngazi au mteremko, na ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele dukani, vitagonga mara elfu ukiteremka kwenye mashamba ya ngoro kule Mbinga. Buti la kitambaa linakukaa siku ya kwanza jinsi litakavyokukaa daima. La ngozi huanza gumu na hujifunza mguu wako, kwa hiyo lipe wiki mbili tatu za safari fupi, sokoni na kanisani au msikitini, kabla ya kulipandisha mlima. Ugumu unaolegea upo, lakini urefu usiotosha hauongezeki hata ulivae mwaka.

Utunzaji wa ngozi hauhitaji gharama. Ukirudi, osha tope jioni hiyohiyo kwa maji na brashi, kwani udongo ukikaukia juu yake hunyonya mafuta ya ngozi. Toa soli ya ndani na kamba, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikilowa, na uweke buti kivulini penye upepo. Usiliweke kando ya jiko la mkaa wala juani. Ngozi mbichi ikipata joto kali hujikunja, hukakamaa na kupasuka, na gundi huachia palepale. Likikaribia kukauka, pakaza nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya mgando ya wanyama, ukisisitiza kwenye mishono. Nta ya nyuki mkoa wetu haina uhaba. Rangi ya viatu ya kawaida hupendezesha lakini peke yake haitoshi, na mafuta ya kupikia usiyaguse, yanachacha.

Kwa hiyo, kama ungenifuata nikusindikize sokoni, ningekuuliza unatembea kiasi gani wakati wa masika. Bwana shamba au askari wa wanyamapori mwenye jozi ya kubadilishana: ngozi ya tabaka la juu, isiyo na utando, iliyoshonwa. Mwalimu mwenye jozi moja tu anayetembea kila siku: kitambaa kisicho na utando, chenye ngozi vidoleni, pamoja na gambuti za bei nafuu. Kijana wa Matogoro anayepanda Juni hadi Oktoba: kitambaa chepesi, na abaki na pesa ya soksi mbili nzuri. Na mwenye watoto ambao miguu yao bado inakua asinunue ngozi ya gharama. Mtoto ataanza kuizoea wakati inamkatalia.